Feni Iliyonyamaza Nsungwi

Nsungwi, Lilongwe
3 Juni 2025

Kwako Zihindula, mdogo wangu,

Barua hii inakuja na Mama Léoncie, ndani ya mzigo wake wa vitenge, na usiniulize kwa nini sikutumia simu. Simu ya hapa ni ya nyumba nzima. Nikikutumia sauti, jibu lako husikilizwa na mume wangu, na watoto, na jirani aliyekuja kuomba chumvi, na mambo ninayotaka kukuambia si ya jirani.

Harusi ya Merveille imepata tarehe. Ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti, katika ukumbi wa kanisa letu hapa Nsungwi. Mdogo wetu hataki keki kubwa wala msururu wa magari. Anataka kitu kimoja, uje na ile mashine yako ya leza uchore uso wa mama ukutani, kama ulivyofanya huko kambini Dzaleka wakati wa Pasaka, mchumba wake Fabrice alipoleta watu wake kujitambulisha. Mama alikufa Merveille akiwa bado ananyonya, kwa hiyo ule mchoro wa mwanga ndio mama anayemjua.

Sasa nisikilize vizuri. Uso ulikuwa mzuri, na mimi nililia. Lakini kelele, Zihi. Ile mashine inanguruma kama kinu cha mahindi. Mimi na wewe tulisimama kando yake tukiteta viatu vya mjomba wa Fabrice, na hata yeye mwenyewe, aliyekuwa karibu kabisa, hakusikia neno. Papa naye alipotaka kukaribisha wageni ilibidi aende kwa mmoja mmoja, amwekee mdomo sikioni. Nilimwona yule mjomba, papa alipomaliza naye, akitoa leso na kujipangusa sikio. Nikiikumbuka leso hiyo uso unaniwaka moto. Bwana yule ni dereva wa mkubwa mmoja kule Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, na sasa ukoo wake wote unajua kwamba baba yetu anaongea kwa kukwaruza.

Na siku ya harusi si ya kukaribisha wageni tu. Unajua kwetu baba hauachi mkono wa binti mpaka amtaje, yeye na mama yake na mama wa mama yake kurudi nyuma, na kila jina watu waitike, "Tumesikia." Wasiposikia wataitika nini? Basi ama feni yako inyamaze, ama mashine ibaki huko huko.

Dada yako,
Vénérande

*

Dzaleka
15 Juni 2025

Yaya Vénérande,

Umenitukania kinu changu, dada yangu, nami nimekubali, kwa sababu ni kweli. Papa amesoma barua yako pia, ila ule ukurasa wa leso nilisema umelowa maji njiani. Usiniandikie mambo kama hayo tena, sina mahali pa kuyaficha.

Nikueleze kwa nini inanguruma, ili usidhani ni ubishi wangu. Ndani mna taa tatu za leza, nyekundu, kijani na buluu, nilizozitoa kwenye mashine zilizokufa. Zinapiga vioo viwili vidogo vinavyotikisika, na vioo ndivyo vinavyochora. Leza haipendi joto. Ikipata moto, nyekundu ndiyo huanza kufifia, na uso wa mama unakuwa kama wa mtu aliyezama. Ukiendelea, zinakufa zote. Kwa hiyo nilizifunga kwenye kipande cha alumini chenye meno kama kitana, halafu nikaweka feni ndogo ya kuyapuliza. Hapo ndipo nilipokosea. Feni ndogo lazima izunguke kwa hasira ndipo ilete upepo wa kutosha.

Sasa nimepata feni kubwa kutoka kompyuta ya ofisi iliyotupwa. Inazunguka polepole na upepo ni ule ule. Nimeining'iniza kwa vipande vya mpira wa tyubu ya kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, isigusane na sanduku, maana sanduku la mbao hupokea mtikisiko na kuufanya ngoma. Njia ya hewa nimeipinda na kuivisha godoro, hewa ipite, mlio ubaki ndani. Na karibu na leza nimeweka kipima joto, kidogo kama punje ya mchele, ili feni ifuate joto badala ya kukimbia muda wote bure.

Kipimo changu cha kelele ni papa. Nacheka ninapoandika, lakini ndivyo. Kila alasiri anakaa mlangoni, mimi nakaa kando ya mashine, naye anasema maneno ya harusi. Nikimsikia, feni imefaulu. Nisipomsikia, nafungua tena. Tangu madaktari wamtoe ule uvimbe kooni sijamwona akiwa na hamu ya kitu namna hii. Mtu aliyekuwa akisomesha Bukavu na mtaa wa pili ukajua somo la leo ni hesabu, sasa anafurahi nikisikia neno moja kutoka mlangoni.

Ndugu yako,
Zihindula

*

Nsungwi
29 Juni 2025

Zihi,

Fundi umekuwa fundi kweli, hata godoro unaivisha mashine huku wewe ukilalia mkeka.

Nina neno moja, na hili ukilificha utakuwa umefanya vizuri. Papa asijichoshe. Koo lile bado halijapona, na ukumbi wa hapa ni mkubwa. Pasta Nduwayo amesema yuko tayari kumsaidia, ayataje majina yeye, papa asimame tu kando akiwa na suti yake. Watu wataona heshima ipo. Mwambie kidogo kidogo, kama wazo lako. Usiseme limetoka kwangu.

Suti ya papa nimemshonea mwenyewe, ya kijivu. Kola nimeipandisha juu kidogo ifiche kovu.

Vénérande

*

Dzaleka
20 Julai 2025

Yaya,

Habari ya Pasta sikumwambia papa. Nilijaribu mara mbili na mara zote nilimkuta akifanya mazoezi. Anayasema majina ya mama zetu akiwa anachota maji. Mwambie wewe, maana ni wazo lako, na wewe ndiye mkubwa.

Mashine imenitesa. Kwanza niliifanya feni ilale kabisa leza zikiwa baridi, iamke zikipata moto. Jumapili kanisani kwetu iliamka katikati ya sala, ghafla, na mama mmoja akaruka na mtoto wake. Watu walicheka mpaka sala ikafa. Nilitamani ardhi inimeze. Basi nikaamua isilale, ipande na kushuka taratibu. Ili kuipunguza nilikuwa nakata umeme vipande vipande, na hivyo vipande vikaifanya feni ilie wimbo mwembamba, kama mbu aliyeingia neti. Papa alisema ni afadhali kinu. Nikaviharakisha hadi vikapita kile ambacho sikio la mtu linaweza kusikia, na mbu akaondoka.

Sasa imefikia wapi sitakuambia. Nataka ushangae mwenyewe. Vibali vyetu vya kutoka kambini vimetoka, changu na cha papa. Kuna jambo jingine pia la kukushangaza siku hiyo, na hilo ni la papa, kwa hiyo nalinyamazia.

Zihindula

*

Dzaleka
19 Agosti 2025

Yaya,

Sijui kama unataka barua yangu, lakini Mama Léoncie anaondoka kesho, na nikikaa kimya nitakuwa nimesema jambo baya zaidi.

Papa hajaongea tangu Jumamosi ya harusi. Simaanishi amenuna. Anakula, ananawa, anasalimia kwa kichwa. Ndani ya basi dogo la kurudi alikaa dirishani na suti yake ya kijivu, na watu waliomsalimu aliwaonyesha koo kwa kidole, kama mtu aliyekatazwa na daktari.

Kosa la kwanza ni langu. Ulikuja kusimama kando yangu na mashine, kama wakati wa Pasaka. Uso wa mama ulikuwa tayari umewaka ukutani, watu wametulia, papa ameshaushika mkono wa Merveille na kunyoosha mwingine kuomba maikrofoni. Ukaniinamia ukasema, kwa sauti ile ile ya kushindana na kinu, "Mwambie Nduwayo asimupatie papa mikro. Ile sauti yake itatupatisha haya mbele ya bale bantu." Ulidhani mashine inakufunika. Ulisema kwa mazoea, hukujua kwamba feni haina tena mlio wa kukufunika. Ningekuambia Julai kwamba mtu akikaa kando yake anasikia pumzi yake mwenyewe, usingesema. Nilitaka ushangae.

Ukumbi mzima ulisikia. Sijui kama uliona papa alivyoushusha ule mkono. Aliushusha polepole, akaupeleka kwenye kola, akaivuta juu. Halafu Pasta akaja, maskini, na karatasi yake, akataja jina la mama na la bibi, akamalizia "na wengineo". Kwetu wengineo ni nani? Walioitika walikuwa wachache, na waliitika wakitazama viatu.

Zihindula

*

Nsungwi
25 Agosti 2025

Zihindula,

Mashine isiyosikika ni mtego. Mtu mwema hutengeneza kitu chenye mlio, watu wakajua kipo. Wewe ulinyamazisha kitu kwa siri ukaniacha nijianike mbele ya wakwe. Nilitaka kumlinda papa. Nilitaka asiende kukwaruza mbele ya watu wanaojipangusa kwa leso.

Nimeisoma hiyo niliyoandika hapo juu, na nimeiacha uone nilivyo. Tangu Jumamosi ile naiandika kichwani kila asubuhi, kila asubuhi ni kosa lako, na ifikapo saa ya kupika limesharudi kuwa langu. Sikuwa namlinda papa. Nilikuwa najilinda mimi. Nilimwonea haya baba yangu. Aliyenifundisha kusoma, aliyenibeba kutoka Bukavu nikiwa na homa, nilimwonea haya kwa sababu ya dereva wa gari la ofisi.

Hapa kanisani akina mama wananisalimia kwa upole mno. Afadhali wangenisema. Juzi mteja alikuja kupima gauni, akaanza kuninong'oneza jambo, akasita, akatazama pembeni, akacheka kidogo. Nilimshikia futi ya kupimia, nikampima kiuno mara mbili.

Na Merveille. Yuko mtaa wa Kauma kwa mume wake, anapika, anafua, lakini nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mi sijatoka bado kwa papa. Hajanitaja." Fabrice alikuwa amekaa pale pale, anasikia. Hakukasirika, alisema tu kwamba yeye pia anaona hajapewa mke, amebeba tu mtu. Zihi, nimevunja ndoa ya mtoto niliyemlea kabla haijaanza.

Nimemtumia papa sukari na shati. Mwambie naomba radhi. Kuja siwezi. Nitamtazamaje?

Vénérande

*

Dzaleka
7 Septemba 2025

Yaya Vénérande,

Shati amelivaa. Sukari ametia kwenye chai. Nilipomwambia unaomba radhi, alitikisa kichwa kama anayesikia habari za mvua ya mji mwingine. Radhi ya kubebwa na Mama Léoncie ndani ya vitenge haitoshi, yaya, na nadhani unajua.

Juzi aliingia karakana yangu akanionyesha kwa mkono, pandisha. Sikuelewa. Akaenda mwenyewe kwenye mashine, akaonyesha feni, pandisha. Nikaipeleka mwisho. Hata hii kubwa ikikazwa inavuma. Akakaa kando yake na midomo ikaanza kusogea. Anaongea, yaya. Anaongea ndani ya kelele, peke yake, na nikikaribia ananyamaza. Ndipo nikajua kwamba ule mngurumo tulioutukana ndio aliokuwa akiupenda. Ukinguruma, hakuna mwenye sauti. Kila mtu ilibidi amwekee mwenzake mdomo sikioni, na yeye akawa kama watu wote.

Sasa na mimi niseme langu. Zile alasiri za mlangoni, akitaja majina, nilikuwa nikiruka na kusema, "Nimesikia, papa, nimesikia." Alikuwa anatabasamu. Alidhani nafurahia sauti yake. Yaya, nilikuwa nafurahia feni. Nilimketisha baba yangu mlangoni kama mtu anavyoweka jiwe kwenye mizani, na yeye akarudi kila siku akidhani mwanawe amemkumbuka. Wewe ulimwonea haya kwa sauti, mimi nilimtumia kimya kimya. Sijui mbaya zaidi ni nani kati yetu.

Na lile jambo la pili nililosema la kushangaza, huwezi kukaa bila kulijua. Majina aliyoyafanyia mazoezi ni Merveille wa Nsimire, wa Cibalonza, wa Nabintu. Halafu aliongeza moja mwishoni ambalo si la desturi. "Na wa Vénérande, aliyemlea." Alitaka ukumbi wote uitikie jina lako kati ya mama zetu. Nilifikiri mara elfu kama nikuambie au nisikuambie.

Papa amepata kibali cha kwenda Lilongwe kumwona daktari Oktoba. Mimi sijapata. Nitamtuma na mashine. Nimeiwekea kirungu cha kuzungusha kwa mkono. Upande wa kushoto feni inashuka hadi pale joto linaporuhusu, chini ya hapo haiendi, leza zisiungue. Upande wa kulia inavuma hadi mwisho. Nimemfundisha papa. Ni yeye atakayechagua, wala si mimi wala wewe.

Zihindula

*

Nsungwi
13 Oktoba 2025

Zihi, mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nyuma ya nyumba, na niliporudi ndani sikuweza kushona. Nimekaa nayo mwezi mzima bila kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilinifanya nionekane mwema.

Papa alifika Ijumaa. Alilala kwangu. Nilimpigia magoti, akaniinua, akaniuliza kwa ishara kama watoto wanasoma. Basi. Nilimwandalia ugali na samaki, akala, akatoa shukrani kwa kichwa, na mimi nikajiona mhudumu wa hoteli ndani ya nyumba yangu.

Jana tulikwenda Kauma kwa Fabrice. Niliwaalika wote waliokuwa karibu nasi siku ile, Pasta Nduwayo, akina mama wa kanisa, na yule mjomba. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwalika, nikamwambia sababu. Hata yeye alitazama chini. Nyumba ni chumba kimoja na uwanja mdogo, kwa hiyo wengi walisimama mlangoni. Tulifunga dirisha kwa blanketi, papa akaweka mashine juu ya meza, akaiwasha, na uso wa mama ukatokea kwenye ukuta usiopakwa rangi.

Halafu akazungusha kirungu. Akakizungusha kulia, Zihi, mpaka mwisho. Ikavuma, na kile chumba ni kidogo. Akamshika Merveille mkono, akafungua mdomo. Hakuna aliyesikia kitu. Merveille alikuwa akimtazama midomo. Watu waliangaliana, hawajui waitike au wasubiri, na mjomba wa Fabrice akainama mbele na kutega sikio kwa kiganja. Papa aliendelea. Angeweza kumaliza hivyo, na ingekuwa amesema, na hakuna ambaye angeweza kumcheka.

Nilijua anachofanya. Ananipa nilichotaka.

Sikupanga kusimama. Nilikuwa nyuma, karibu na masufuria. Ilibidi nipige kelele, maana feni yako ikikazwa haina mchezo. Nikasema, "Papa, punguza. Tunataka kukusikia." Akanitazama, kirungu bado kiko mwisho. Nikasema tena, na safari hii nilisema yote, mbele ya wale wale. Nikasema, "Nilikuonea haya, papa, na bote balinisikia. Sasa banisikie tena. Ni ile sauti yako njo tunaitaka, ile uko nayo, hakuna ingine."

Akauweka mkono juu ya kirungu. Halafu akakirudisha kushoto. Feni ikashuka taratibu, ikashuka, hadi nikasikia mtu akimeza mate.

Akaanza upya. Sauti ni mbaya, Zihi, tusidanganyane. Inakwama, inakatika, katikati ya jina la bibi ilibidi akohoe na Fabrice ampe maji. Lakini kila jina lilifika mlangoni. Merveille, watu wakaitika. Nsimire, wakaitika. Cibalonza, Nabintu, wakaitika, na yule mjomba aliitika kuliko wote. Kisha akapumua, akanitafuta kwa macho kule kwenye masufuria, akasema, "Na wa Vénérande, aliyemlea."

Watu wote walisema, "Tumesikia." Mimi nilifungua mdomo niitike pamoja nao, na sauti haikutoka.

Dada yako,
Vénérande